Paka, Kochi na Nguzo ya Mkonge

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo ni kupamba nyumba yenye paka. Kaka Rashidi, nilipita kwenu juzi nikakuta kochi jipya, paka wawili wamelala juu yake, wala hakuna hata uzi uliochomoka. Umefanyaje?

RASHIDI: Dada Zuhura, hilo ni kochi la pili. La kwanza lilikuwa la kitambaa cha nyuzi nene zilizolegea, na lilichanwa mpaka sponji ikatoka nje. Nilimfukuza paka, nikamrushia maji, akawa anangoja nilale. Mwisho nikakaa kumtazama. Kila akiamka huenda pembe ileile, hujinyoosha mgongo wote, ndipo huanza kukwaruza. Si ukorofi. Anavua ganda la nje la kucha zake, na kwenye nyayo ana tezi zinazoacha harufu. Anaweka alama kwamba hapa ni kwake.

ZUHURA: Kumbe! Mimi niliwahi kuokota ganda lile chini ya meza, nikadhani ukucha umeng'oka.

RASHIDI: Ndilo hilo, limepinda kama mwezi mchanga, ndani tupu. Basi nikaenda kwa seremala, akanikatia mti wa karibu mita moja, akaupigilia kwenye kitako kipana cha plaiwudi. Nikauzungushia kamba ya mkonge toka chini hadi juu, kila mzunguko umembana mwenzake. Nikausimamisha palepale kwenye pembe ya kochi.

ZUHURA: Sebuleni kabisa? Wengi wangeupeleka uani.

RASHIDI: Ukiupeleka uani, kochi linabaki kuwa lake. Alama anataka kuiacha wanapokaa watu. Na kitako kiwe kizito, maana nguzo ikiyumba mara moja tu, paka hairudii tena.

ZUHURA: Na sisi watu wa Tanga kamba hiyo ni ya nyumbani. Mkonge aliuleta Mjerumani mmoja, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, mwaka 1893, miche ikitoka Florida, leo unampa paka raha sebuleni! Halafu nguzo yenyewe inapendeza, rangi yake inakwenda na mkeka.

RASHIDI: Mkeka wangu wa ukindu nimeutundika ukutani, maana sakafuni wangeufumua. Na kochi la sasa ni la mahameli. Nyuzi zake zimebana, ukucha haupati pa kunasa. Juu natandika kanga, nywele zikijaa naifua.

ZUHURA: Na vitambaa vya kufuma? Mama yangu alinifumia seti nzima, ya kochi na ya meza. Siwezi kuvitoa.

RASHIDI: Usivitoe, vitie kwenye fremu ya kioo. Tundu za kroshia hunasa ukucha, na uzi mrefu akiumeza unaweza kumkunja utumbo. Hapo ni upasuaji.

ZUHURA: Kazi ya mkono wa mama ukutani. Nimeipenda hiyo, tena sana.

RASHIDI: Ila jambo ninalowaomba watu kwa moyo wote ni maua. Lili, yale makubwa meupe ya harusini, yasiingie nyumba yenye paka. Jirani yetu alirudi nayo kutoka sherehe, akayaweka mezani. Paka alipita, chavua ikamganda manyoyani, akajilamba. Figo zilikufa, tukamzika siku ya nne. Jani, chavua, hata maji ya kwenye chombo, vyote ni sumu kwake.

ZUHURA: Maskini. Na mshubiri wangu wa dirishani?

RASHIDI: Akiutafuna atatapika na kuharisha. Utundike juu, au uhamie nje. Mnyonyo nao usiwe karibu, mbegu zake zinaua.

ZUHURA: Sasa chombo changu cha mezani nikitie nini?

RASHIDI: Asumini. Haimdhuru, na nyumba inanukia bila dawa za kupuliza, ambazo nazo zinamsumbua pumzi.

ZUHURA: Kwa mama zimejaa ukutani. Kesho alfajiri nazifuata, kabla jua halijazipiga.