Kotisoli, mkorogo na peptidi isiyoonekana kwenye damu

REHEMA: Swali la leo limeulizwa na wengi: "Nina msongo wa mawazo, nikapime kotisoli, ile homoni ya msongo?" Kaka Salum, tuanzie hapo.

SALUM: Usikimbilie maabara. Kotisoli ni mwisho wa safari. Mwanzo wake ni CRH, peptidi, yaani mnyororo mfupi, ya asidi amino 41 inayotengenezwa kwenye haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo. Wylie Vale na wenzake wa Taasisi ya Salk, California, ndio walioitambua mwaka 1981, baada ya kuchambua bongo za kondoo, laki kadhaa. Ukishtuka, CRH inashuka hadi tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, pituitari inamwaga homoni ya ACTH kwenye damu, na ACTH inaziamuru tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo zitoe kotisoli. Ikishatosha, kotisoli inarudi juu kuizima CRH.

REHEMA: Inaizima wapi? Maana CRH haitengenezwi kwenye haipothalamasi tu.

SALUM: Umegusa penyewe. Amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu, nayo ina CRH yake. Na kwa panya wa maabara, kotisoli au homoni inayofanana nayo inazima ile ya haipothalamasi, lakini inaichochea ya amigdala! CRH hiyo inafika pia kwenye shina la ubongo, kwenye kiini kinachotoa noradrenalini, kemikali ya tahadhari. Ndipo moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika-katika, mtu anakurupuka mlango ukigongwa. Hakuna kipimo cha damu kinachokuonyesha hayo.

REHEMA: Ndiyo maana aliyepata kiwewe baada ya vita au ubakaji anaweza kupimwa akakutwa na kotisoli ya kawaida, hata ya chini, ilhali CRH kwenye maji ya uti wa mgongo iko juu.

SALUM: Na kipimo chenyewe kinadanganyika kirahisi. Kotisoli huwa juu asubuhi na hushuka usiku, kwa hiyo damu ya saa mbili asubuhi huwezi kuilinganisha na ya saa kumi jioni. Mlinzi wa zamu ya usiku, saa yake ya mwili imegeuka. Mwanamke anayetumia vidonge vya majira vyenye estrojeni kipimo chake kitasoma juu bila ugonjwa wowote, kwa sababu protini inayobeba kotisoli imeongezeka. Prednisolone, dawa ya steroidi inayofanya kazi kama kotisoli, nayo mashine nyingi huihesabu kama kotisoli. Deksamethasoni, steroidi nyingine, ni kinyume: yenyewe haisomeki, ila inaishusha kotisoli yako halisi.

REHEMA: Basi wanasayansi walisema, tuzibe kipokezi cha CRH, yaani mahali inaponasa kwenye seli, sonona na wasiwasi viishe.

SALUM: Kwa wanyama ilipendeza. Kwa watu, dawa za kuziba kipokezi hicho, pexacerfont kwenye wasiwasi na verucerfont kwenye kiwewe, hazikushinda kidonge kisicho na dawa. Mimi naona kosa moja kubwa lilikuwa kuwachanganya wagonjwa: sonona hutambuliwa kwa dalili, na si kila mwenye dalili hizo ana CRH iliyopanda. Ukiwatibu wote kwa pamoja, waliofaidika wanamezwa na wasiofaidika. Dawa ya jamii hiyo, crinecerfont, iliidhinishwa Marekani Desemba 2024, lakini kwa ugonjwa wa kuzaliwa nao wa tezi za adrenali.

REHEMA: Na neuropeptidi Y, peptidi nyingine ya ubongo, inayotuliza?

SALUM: Ina asidi amino 36 na inavuta kamba upande wa pili. Inahitaji kipindi chake. Leo nataka tufike kwenye mkorogo.

REHEMA: Haya, mkorogo.

SALUM: Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina clobetasol, steroidi kali inayopenya hadi kwenye damu, hasa ikipakwa mwili mzima. Baadhi ya vidonge vya kunenepa vina deksamethasoni. Ubongo ukiona steroidi imejaa, unaidhania kotisoli, unazima CRH na ACTH, na tezi za adrenali zinasinyaa. Sasa mtu anaacha ghafla baada ya miezi: uchovu, kichefuchefu, kizunguzungu akisimama, huzuni, hataki kula. Anafika kliniki, anaandikiwa dawa ya sonona. Hakuna aliyemuuliza anapaka nini.

REHEMA: Kwa hiyo aendelee kupaka?

SALUM: Hapana, ila asikate siku moja. Aliyetumia steroidi zaidi ya wiki tatu au nne apunguziwe na daktari hatua kwa hatua. Afike na kopo au pakiti, maana vipimo vya dozi havifanani: deksamethasoni miligramu 0.75 inakaribia prednisolone miligramu 5. Hatua ngumu zaidi ni kushuka chini ya prednisolone miligramu 5 kwa siku, kwa kuwa hapo mwili unatakiwa ujitengenezee kotisoli yake. Kuamka kwa tezi hizo huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

REHEMA: Akiugua katikati, tuseme malaria?

SALUM: Homa inadai kotisoli zaidi na tezi hazina cha kutoa. Akitapika mfululizo, presha ikashuka au akaanza kupoteza fahamu, hiyo ni dharura. Ndugu wamwambie muuguzi mlangoni kabisa kwamba alikuwa kwenye steroidi; mtu mzima huanzishiwa sindano ya hydrocortisone miligramu 100 pamoja na dripu ya chumvi, bila kusubiri majibu ya maabara.