Faida Hii ni ya Nani?

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, asanteni. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa mikakati ya kampuni katika nchi zinazoinukia kiuchumi: ulikotoka, ulipofika, unakoelekea. Ulikotoka mnakujua. Khanna na Palepu, watafiti wa makundi ya kampuni, mmewasoma; North, mwanauchumi wa taasisi, mmemsoma; hoja ya mapengo ya kitaasisi, yaani ukosefu wa taasisi zinazolisaidia soko kufanya kazi, mnaweza kuisema hata mkiamshwa usiku wa manane. Sitairudia. Leo nitashika mstari mmoja tu, uliomo karibu katika kila jedwali tunalochapisha, yaani mstari wa faida. Nataka kuuliza swali ambalo wanaonifahamu wamelisikia mara nyingi: faida hii ni ya nani?

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia aliniletea sura ya nne ya tasnifu yake. Ilihusu kiwanda cha vifungashio kilichoorodheshwa kwenye soko la hisa. Miaka sita mfululizo faida yake ilikuwa nyembamba, na miaka hiyohiyo wakurugenzi walizidi kuongeza mitambo. Mwanafunzi akahitimisha kwamba mkakati ni mbovu, uongozi umeng'ang'ania upanuzi usiolipa. Kurasa 40, majedwali safi, rejea zote zimo. Nikamwambia, fungua taarifa ya mwaka ya kiwanda. Ruka barua ya mwenyekiti wa bodi, ruka picha, ruka hata mizania, nenda nyuma kabisa kwenye maelezo ya hesabu, kule kwenye maandishi madogo.

Tukasoma pamoja, kidole juu ya karatasi. Miamala na pande zinazohusiana: sehemu kubwa ya maboksi iliuzwa kwa mteja mmoja, na mteja huyo ni kampuni ya vinywaji ya kundi lilelile, yaani kampuni kadhaa zinazomilikiwa na familia moja, kiwanda kikiwemo. Deni lake lilikuwa limelala kwa miezi, bila riba. Kodi ya jengo ililipwa kwa kampuni nyingine ya familia hiyohiyo, ambayo haimo sokoni na hesabu zake huzioni. Ada ya uongozi ilikwenda kwa kampuni mama. Mwanafunzi akaenda kiwandani kuuliza bei, akaambiwa kampuni ndugu inatozwa chini kuliko wateja wa nje.

Sasa niambieni, mkakati mbovu uko wapi hapo? Kiwanda kilikuwa kinafanya kazi kiliyopewa: maboksi ya bei nafuu kwa ndugu yake, kila siku, bila kukosa. Faida ilikuwepo, ila iliandikwa kwenye kitabu cha mwingine. Na sisi tulikuwa tayari kukipa kiwanda alama ya kufeli, tukakiingiza kwenye sampuli na kukitolea nadharia.

Tupige hesabu, maana wengi hawajawahi kuipiga kwa mkono. Familia ina asilimia 51 ya kampuni A. A ina asilimia 51 ya B. B ina asilimia 51 ya C. Familia inaamua kila kitu ndani ya C, kwa sababu ina kura nyingi katika kila ngazi. Lakini katika kila 100 ya faida ya C, fungu lake halisi ni 51 ya 51 ya 51, yaani kama 13. Nyingine 87 ni za wanahisa wadogo wa ngazi zote tatu. Sasa C iiuzie A bidhaa kwa bei ya chini, ile 100 ihamie juu. Familia imepoteza 13 kule chini, imepata 51 huku juu. Imebakiwa na 38 zaidi, na hakuna boksi hata moja lililoongezeka duniani. Halafu anakuja mtafiti na kusema C "inafanya vibaya" na A "ina uwezo wa kipekee".

Namwona mwenzangu wa uhasibu anatikisa kichwa. Atasema hesabu zimekaguliwa, miamala imetangazwa. Ndiyo, imetangazwa! Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 24 kinataka uhusiano ule uelezwe, aina ya miamala, kiasi chake na madeni yaliyobaki. Lakini hicho ni kiwango cha kutangaza, hakipangi bei. Kinakupa wewe mtafiti taa ya kumulikia, na malalamiko yangu ni kwamba taa ipo na hatuiwashi. Tunashusha faida kutoka kwenye kanzidata, safu baada ya safu, na maelezo yale ya nyuma hayapo kwenye kanzidata, basi tunafanya kana kwamba hayapo duniani.

Msinielewe kwamba kila kundi la kampuni ni la wezi. Hapo ndipo mjadala huu huwa unaharibika, na hapo ndipo naomba masikio yenu. Mwaka 2002 Bertrand, Mehta na Mullainathan walitazama makundi ya India. Waliuliza: mshtuko, yaani badiliko la ghafla la kiuchumi, ukiipata tasnia nzima, faida inajitokeza wapi? Walikuta kampuni za chini, ambazo mwenye kundi ana fungu dogo, haziitikii kama ilivyotarajiwa, na wakasema mali inachepushwa kwenda juu, hasa kupitia mapato na gharama zilizo nje ya shughuli kuu. Kazi nzuri, nimeifundisha mwaka hata mwaka. Kisha mwaka 2012 Siegel na Choudhury wakarejea India na kipimo cha aina hiyohiyo wakaonya: usipozingatia namna kampuni inavyoshindana sokoni, kipimo hicho kinaweza kukupa jibu lisilo sahihi. Wao hawakuuona uchepushaji ule. Nchi ni ileile, makundi ni ya aina ileile, na hitimisho ni kinyume! Kilichowatenganisha ni mkakati, somo letu sisi. Wanauchumi wa fedha wamebishana miaka kumi kuhusu jambo ambalo ufunguo wake uko mikononi mwetu, na sisi tulikuwa tunagawanya tu faida ya kampuni kwa thamani ya mali yake.

Tena fedha hazipandi tu, hushuka pia. Kundi huinusuru kampuni yake inayozama, humsomesha meneja huku na kumpeleka kule, huweka jina lake mbele ya benki. Hayo ndiyo Khanna na Palepu walitueleza tangu 1997. Kwa hiyo faida ndogo ya tawi inaweza kuwa wizi, inaweza kuwa bima, inaweza kuwa kazi ya kuwahudumia wengine. Takwimu moja haiwezi kukuambia ni ipi. Khanna na Rivkin walipopima nchi 14 mwaka 2001, kampuni za makundi zilipata faida zaidi katika nchi 6, pungufu katika 3, na katika 5 hapakuonekana tofauti. Watu wananukuu ile 6 na kuondoka. Mimi zile 5 ndizo zinazoninyima usingizi. Huenda hakuna tofauti kweli. Huenda pia kuna kampuni zinazokamuliwa na nyingine zinazolishwa, na wastani umezifunika zote.

Muda unakwisha na bado sijafika kwenye nusu ya niliyoandika. Ununuzi wa kampuni za nje, kama Tata ilipoichukua Jaguar Land Rover mwaka 2008, nauacha, ila swali ni lilelile: deni limeandikwa kwa nani? Mashirika ya umma nayaruka. Kuhusu kampuni ambazo hazijaorodheshwa nitasema hivi tu: ndizo nyingi, mara nyingi ndizo zinazokaa kileleni mwa piramidi, yaani ngazi za umiliki kama zile za A, B na C, na sampuli zetu karibu hazizigusi.

Yule mwanafunzi aliandika upya sura yake. Alichora mchoro wa umiliki kwa mkono, mshale kwa mshale, kazi ya miezi saba. Wahariri wawili walimwambia kundi moja ni sampuli ndogo. Mimi nadhani kundi moja lililosomwa hadi maelezo ya mwisho linatufundisha kuliko kampuni elfu mbili zilizopakuliwa kwa usiku mmoja, na niko tayari kubishana na yeyote hapa juu ya hilo.

Mwenyekiti ameshasimama. Basi tuanze na dada wa kule nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipowataja wakaguzi.