Kusaka zulia la kizamani Hamburg: geuza kwanza, bei baadaye

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena, leo nipo Speicherstadt hapa Hamburg, Ujerumani, ndo haya maghala ya matofali mekundu mnayoyaona nyuma yangu na mfereji unapita katikati, nimekuja kusaka zulia la sebuleni maana nyumba tuliyohamia ina sakafu ya mbao na watoto wakikimbia tu jirani wa chini anagonga dari, yaani mzee yule na kelele haviivi chungu kimoja.

Najua mtaandika kwenye komenti, si ununue jipya dukani uende zako. Jamani, jipya lililofumwa kwa mkono lina bei ya kuuza shamba! La zamani saa hizi limeshuka, vijana wa huku wanarithi mazulia ya Iran ya bibi zao na hawayataki, wanataka sebule nyeupeee haina kitu, kwa hiyo sisi tunaopenda rangi ndo wakati wetu.

Na kwa nini hapa? Haya maghala yalianza kujengwa 1883, bandari huru ikafunguliwa 1888, mzigo ulikuwa unakaa humu bila kulipiwa ushuru mpaka utoke, kahawa, chai, viungo, halafu wafanyabiashara wa Kiirani wakaleta mazulia kwa marobota, ghorofa kwa ghorofa. Siku hizi sehemu kubwa ni maofisi na makumbusho, wauza mazulia waliobaki ni wa kutafuta.

Sasa sikilizeni hapa. Kila muuzaji atakwambia zulia lake ni antiki. Kwa watu wa hii biashara antiki ni miaka 100 hivi kwenda juu, chini ya hapo ni la zamani tu, na uzee peke yake haulipwi, kuna zulia la miaka 120 limechoka halina kitu. Wewe geuza. Kama mama zetu wanavyogeuza kitenge kuona kama rangi imetoka pande zote, na zulia hivyohivyo, la mkono mchoro wake unauona nyuma vizuri kabisa na mafundo hayajanyooka sana, moja nene moja jembamba, la mashine limenyooka kama rula. Ukikuta nyuma limegundishwa kitambaa kwa gundi, shukuru, aga, ondoka. Na matamvua yale ya pembeni yawe ni nyuzi zilezile za ndani zimetokeza, yakiwa yameshonewa juu kuwa macho.

Rangi nayo. Lowesha leso nyeupe, sugua kwenye nyekundu, ikiachia ujue ukilifua litachafuka lote. Halafu fungua manyoya kwa vidole utazame shinani, kama chini linang'aa na juu limepauka sana hiyo mara nyingi ni rangi ya kemikali imeliwa na jua. Ila msidanganywe kwamba kemikali maana yake jipya, rangi za kutengenezwa zilianza Uingereza 1856 na kabla karne haijaisha zilishafika Iran, kwa hiyo zulia la kemikali linaweza kuwa la babu wa babu yako. Na mkiona sehemu nyeusi zimeshuka chini kuliko nyingine msikimbie, rangi ile ilikuwa na madini ya chuma na inakula sufu taratibu.

Nondo wale wadudu jamani, nondo! Hao ndo adui, wanapenda pale palipokaa chini ya kabati miaka. Liinue kwenye mwanga uone matundu. Halafu likunje kidogo karibu na sikio, likilia kama majani makavu, nyuzi za ndani zimeoza.

Basi mzee mmoja wa Kiirani akatuwekea chai, akaanza kufunua, moja juu ya jingine, la Kashan, mji wa huko Iran, maua madogomadogo laini hilo, mume wangu macho yakamtoka, mi nikasema baba hapa kuna watoto na uji, tuangalie kitu kigumu. Likatoka Heriz, kaskazini magharibi mwa Iran kule upande wa Tabriz, nene, ua kubwa la kona kona katikati, nyekundu ya tofali na bluu ya nili, limelika kidogo ukingoni na limewahi kushonwa, na mzee mwenyewe kanionyesha paliposhonwa kabla sijauliza. Hapo ndo nilianza kumwamini.

Bei tumevutana mpaka chai ikapoa. Tumekubaliana nilipeleke nyumbani kwanza nilione na mwanga wa kwangu, wengi wanakubali hilo ukiomba, na risiti iandikwe limetoka wapi, umri wa kukadiria na marekebisho yote.

Wadau wa Marekani nyie poleni, kwenu tangu 2018 marufuku ya kuingiza mazulia ya Iran ilirudi, tafuteni yaliyokwishaingia zamani au ya Uturuki.

Na mama, najua unaangalia, bei siitaji kwenye video, nitakupigia.