Mpira wa Mkojo wa Nje kwa Wanaume: Tuanze na Kipimo

Wauguzi wenzangu, nanyi ndugu mnaouguza wazee majumbani hapa Mwanza na visiwani, shikamooni na karibuni.

Nimeombwa nizungumzie mpira wa mkojo unaovaliwa nje, nami nitaanza na jambo linalowachanganya wengi. Mpira huu hauingizwi ndani ya njia ya mkojo. Huvishwa juu ya uume kama kondomu, ukapokea mkojo unaotoka wenyewe na kuupeleka kwenye mfuko wa kukusanyia mkojo. Kwa hiyo unamfaa mwanamume asiyeweza kuuzuia mkojo, kwa mfano aliyepooza kwa kiharusi, lakini haumsaidii hata kidogo mzee ambaye mkojo umemziba kwa sababu ya tezi dume na tumbo la chini limejaa. Huyo awahishwe hospitali. Kwa kuwa hakuna kinachokaa ndani ya kibofu, hatari ya maambukizi huwa ndogo kuliko kwa mpira wa ndani, ingawa haiishi kabisa.

Mipira hii hutofautiana kwa kipenyo, kuanzia takriban milimita 25 hadi 40, na familia nyingi hununua wowote unaopatikana. Ukiwa mpana huvuja na kuvuka. Ukibana huzuia damu. Nilimtembelea mzee mmoja kule Igoma ambaye mwanawe, kwa mapenzi tu, alipoona mpira unavuka kila usiku aliufunga kwa uzi. Nilipoukata uzi ule, uume ulikuwa umevimba na alama yake imezama kwenye ngozi kama pete. Nawasihi, msizungushie uzi, raba wala plasta ya kawaida. Pimeni: zungusheni uzi kwenye uume uliolegea, ulazeni juu ya rula, kisha gawanyeni urefu wake kwa 3.14. Uzi wa milimita 94 maana yake ni kipenyo cha karibu milimita 30.

Mkiweza kuchagua, chukueni wa silikoni, kwa kuwa unaonyesha ngozi iliyo chini yake, na wako watu ambao mpira wa lateksi huwaletea muwasho na vipele.

Kabla ya kuvisha, osheni kwa maji na sabuni, mkaushe vizuri, wala msipake mafuta, kwa sababu gundi inayoushikiza mpira haitashika, hasa katika joto letu hili. Nywele zipunguzwe kwa mkasi, si kwa wembe. Asiyetahiriwa, govi lake lirudishwe mahali pake. Acheni nafasi ya kama sentimita 2 mbele ya kichwa cha uume, ili kisisuguliwe na ncha ya mpira. Baada ya saa 24 uvueni taratibu kwa maji ya uvuguvugu na kuikagua ngozi. Mkiona kidonda, uvimbe au rangi iliyobadilika, msivishe mwingine mpaka mhudumu wa afya aone. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, na anayevuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, aumwage kabla ya kupanda meli.

Limebaki suala la nani avishe. Katika nyumba zetu nyingi mkamwana hawezi kumvua nguo baba mkwe, na mzee hukubali kulala kwenye mkojo kuliko kuvunja heshima hiyo. Mjukuu wa kiume, ambaye ana utani na babu yake, hufanya kazi hii bila aibu kwa wote wawili. Ndiyo maana niliomba vijana wakae mbele. Uzi na rula viko mezani, njooni mmoja mmoja tupime kwenye vielelezo hivi.