Kufunga mizinga ya Spitfire Mk Vb kwenye modeli ya 1:48

Karibuni tena mezani. Leo hatugusi injini wala chumba cha rubani. Leo ni mabawa tu, maana silaha zote za Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, zimo humo. Hii ni Mk Vb, toleo la mwaka 1941, na modeli yetu ya 1:48 ni ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe. Mabawa nimeshayabandika na kuyapiga msasa, hilo mnalijua, twende.

Kabla hujashika gundi, amua jambo moja: ndege yako imeshafyatua, au bado? Kila kitu tutakachofanya kitategemea jibu hilo. Yangu imetoka kupigana.

Tuanze na mitutu ya mizinga. Ile ya plastiki iliyokuja kwenye boksi mbele imeziba, haina tundu, mimi siitumii. Natumia sindano ya hospitali, mpya, kutoka duka la dawa, ile yenye kitako cha kijani. Unene wake ni milimita 0.8. Piga hesabu: mzinga wa Hispano ulikuwa wa milimita 20, gawa kwa 48 unapata 0.4 na ushee, na tundu la sindano hii ni kama nusu milimita. Inakaa vizuri mno! Usiikate kwa koleo, utalibana tundu. Iviringishe chini ya tupa ndogo mpaka ikatike yenyewe. Ile ncha kali tia kwenye chupa yenye kifuniko, hasa kama nyumbani kuna watoto.

Sasa toboa katikati ya koni hii iliyo mbele ya bawa, kina cha milimita 4. Polepole.

Mkiwa hapo, angalieni hiki kivimbe juu ya bawa, na mwenzake chini. Msikipige msasa! Si kasoro ya plastiki. Hispano ilibuniwa kukaa kwenye injini, si ndani ya bawa jembamba kama hili. Waingereza wakailaza ubavu ili ngoma yake ya risasi 60 iingie, na bado ikabaki kuvimba. Mwaka 1940 Skwadroni ya 19 ya jeshi la anga la Uingereza ilipewa Spitfire za kwanza zenye mizinga, na mizinga ikawa inakwama mno, maganda hayatoki. Marubani wakaomba warudishiwe ndege za rashasha nane, katikati ya vita vya kugombea anga ya Uingereza. Kwa hiyo kivimbe hiki kina historia nzito, kiacheni.

Gundi. Supaglu hapa hapana. Nasema tena, hapana. Chukua ile ya kuchanganya, ya dakika 5, kwa sababu lazima upate muda wa kunyoosha. Modeli yangu ya kwanza ya Vb niliipiga supaglu, mtutu mmoja ukashika ukitazama juu, na kuung'oa nikapasua bawa. Kazi ya wiki tatu. Paka kidogo kwa kijiti cha meno, ingiza mtutu, kisha tazama kutoka mbele, halafu kutoka juu. Mbele, halafu juu.

Ngojeni. Subirini kidogo. Kwenye skrini naona wa kushoto umeinama... mnauona? Kwa macho yangu ulikuwa sawa kabisa. Nasogeza taa. Haya, nausukuma kwa kibano, taratibu, taratibu... hapo. Ndiyo sababu ya gundi ya dakika 5. Tazama tena kutoka mbele. Na kutoka juu. Usiondoke mezani mpaka ishike.

Mtu ataniuliza: si silaha zilielekezwa zikutane mbele? Kweli, marubani wengi walipendelea zikutane yadi 250 mbele, kama mita 230. Lakini mkunjo huo ni mdogo sana, kwenye modeli hauonekani. Nyoosha tu.

Tukiwa tunasubiri, hesabu ninayoipenda. Spitfire ya kwanza, rashasha nane za Browning, ilitema karibu kilo 1.7 za risasi kwa sekunde. Hii yenye mizinga miwili na rashasha nne inafika kilo 3.4 hivi, mara mbili. Lakini mizinga ilimaliza risasi zake kwa sekunde 6 tu! Mimi bado naiona Vb ndiyo nzuri kuliko zote, mitutu ile miwili inaipa sura.

Rashasha nne ni matundu tu kwenye ukingo wa mbele, mawili kila bawa, upande wa nje wa mzinga. Toboa, basi. Kama ndege yako haijafyatua, yafunike kwa vipande vidogo vyekundu vya utepe, vikunje juu na chini ya ukingo. Vilikuwa vitambaa vya kuzuia vumbi na unyevu, maana juu kule silaha ziliganda kwa baridi. Risasi ya kwanza ilivitoboa. Kwa hiyo vitambaa vizima na masizi havikai ndege moja, tafadhali.

Yangu imefyatua, naacha matundu wazi. Masizi natengeneza kwa mkaa wa jikoni uliosagwa laini. Geuza ndege, gusa kwa brashi kavu nyuma ya nafasi hizi za kutolea maganda, vuta kuelekea nyuma, upepo ulikokwenda. Kidogo tu. Ongeza... inatosha.

Mitutu bado haijakomaa, kwa hiyo isiguse meza. Iache imelala chali juu ya sponji mpaka asubuhi.