Kidonge cha Pili cha Sonona Kinapimwaje?

Ndugu wasikilizaji, mgonjwa wa sonona amemeza dawa kwa dozi kamili, wiki sita au zaidi, na bado hana usingizi wala hamu ya kitu chochote. Mara nyingi daktari humwongezea dawa ya pili juu ya ile ya kwanza. Uingereza, mojawapo ya dawa zilizoongezwa hivyo ilikuwa mirtazapini. Hoja ilivutia: inafanya kazi ubongoni kwa njia tofauti na dawa za kundi la fluoksetini ambazo wengi huanza nazo, basi huenda zingesaidiana.

Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol wakaipima, matokeo yakachapishwa 2018. Wagonjwa 480 waliendelea na dawa yao ya kwanza. Kwa bahati nasibu, nusu wakaongezewa mirtazapini, nusu kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani. Mgonjwa hakujua anameza kipi, na daktari wake pia hakujua.

Hapa naomba tutulie. Kwenye dodoso la sonona la alama 0 hadi 63, ambapo alama nyingi ni hali mbaya zaidi, walianza na wastani wa 31 hivi. Baada ya wiki 12, wa mirtazapini walishuka hadi 18. Lau wangepimwa peke yao, dawa ingepigiwa vigelegele! Lakini wa kidonge kitupu nao walishuka, hadi 19.7. Tofauti haifiki alama 2, na maudhi ya dawa yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa mirtazapini.

Wale wa kidonge kitupu hawakuwa wakijifanya. Sonona hupanda na kushuka, na watu huingia kwenye utafiti wakati wamezidiwa. Tena kufuatiliwa, kuulizwa hali yako kila baada ya muda, ni msaada mkubwa. Mimi naona hilo peke yake lingetosha kubadili kliniki zetu.

Zipo nyongeza zilizofaulu mtihani huohuo. Mwaka 2025, pia Uingereza, pramipeksoli, dawa ya ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, iliishinda plasebo, yaani kidonge kitupu, waziwazi kwa wagonjwa 150. Hata hivyo, takriban mmoja kati ya watano aliacha kuimeza kwa sababu ya maudhi kama kichefuchefu.

Kama yupo hapa anayetumia dawa mbili, asiache ghafla kwa kunisikia mimi. Kuacha ghafla kuna shida zake. Amwulize daktari wake: hii ya pili tuliongeza lini, na tangu hapo nimepata nafuu gani?