Jinsi ya Kulinganisha "Rockin' in the Free World" ya Gitaa Kavu na ya Gitaa la Umeme

Habari zenu wapenzi wa muziki, karibuni sana. Leo kazi ni ya masikio. Tunauchukua "Rockin' in the Free World" wa mwanamuziki wa roki Neil Young, wimbo wa kulalamikia hali ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, na tunausikiliza katika sura zake mbili. Zote zimo kwenye albamu moja, Freedom, iliyotoka Oktoba 1989. Ya gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, ndiyo inayofungua albamu, ya gitaa la umeme ndiyo inayoifunga. Young alishawahi kupanga hivyo mwaka 1979 kwenye albamu yake ya Rust Never Sleeps, kwa hiyo mpangilio huu ni wa makusudi, nasi tutaufuata.

Hatua ya kwanza ni maandalizi. Chukua hedifoni, kalamu, karatasi na mashairi ya wimbo. Tafadhali usiruke mashairi, nitakuambia baadaye kwa nini. Halafu sawazisha sauti. Cheza sekunde chache za kila toleo, kisha punguza la umeme mpaka sauti ya Young isikike kwa kiwango kilekile kwenye matoleo yote mawili. Usipofanya hivyo, lile lenye kelele zaidi litakushinda kabla hujaanza kusikiliza, maana sikio hupenda kilicho juu.

Hatua ya pili, sikiliza toleo la gitaa kavu mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha. Ni la dakika tatu na ushee tu. Limerekodiwa jukwaani, hakuna dramu, na sauti ya mwimbaji iko mbele kabisa. Fuata mashairi kwa kidole. Ukifika ubeti wa pili, tulia. Kuna mwanamke usiku, amebeba mtoto, taa ya barabarani inamwangaza, na karibu yake kuna pipa la taka. Anamweka mtoto kando ili akatafute dawa za kulevya. Kisha mwimbaji anamgeukia yule mtoto: hatasoma shule, hatapata kumpenda mtu. Na baada ya hapo ndipo kiitikio kinaingia, kinachosema tuendelee kucheza roki katika dunia huru. Andika kwenye karatasi ulivyojisikia kiitikio kilipoingia. Neno moja linatosha.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa video hii, na kama una gitaa, lichukue. Ubeti unazunguka kwenye kodi tatu, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja: E maina (maina ni kodi yenye mlio wa huzuni), D, C. Piga taratibu. E maina… D… C. Unasikia uzito wake? Sasa kiitikio: G, D, C, halafu E maina. Sikiliza ile G ya mwanzo inavyofungua wimbo. Ghafla kuna mwanga, na mtu anatamani kunyanyua mikono. Lakini haikai. Kila mstari wa kiitikio unatua tena kwenye E maina, palepale ulipoanzia ubeti. Uhuru unatajwa juu ya kodi yenye furaha, na sentensi inaishia kwenye kodi ya huzuni. Piga mara nne au tano mpaka vidole vizoee. Kisha rudia toleo la gitaa kavu na usikilize mwisho wa kila mstari wa kiitikio peke yake. Kutua kule kunasikika wazi, kwa sababu hakuna kitu cha kukufunika.

Sasa washa toleo la umeme. Hii ni hatua ya nne, nalo ni refu zaidi, linakaribia dakika tano. Lisikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata dramu na besi tu. Utaona kiitikio hakipati nafasi ya kupumua: pale kodi inapotua, dramu zimeshakusukuma kwenye mstari unaofuata. Mara ya pili fuata gitaa. Kwa miaka mingi Young amekuwa na Gibson Les Paul ya mwaka 1953 iliyopakwa rangi nyeusi, aliyoipa jina la Old Black, na mlio wake mnene, unaokwaruza, wapenzi wake wanautambua mara moja. Sikiliza anavyozivuta nyuzi kwenye solo. Mara ya tatu fuata sauti ya mwimbaji. Maneno ya beti mbili za kwanza ni yaleyale, ila sasa anapigania nafasi dhidi ya bendi yake mwenyewe.

Hatua ya tano, hesabu beti katika kila toleo, kisha usome ule ubeti wa tatu, wenye nuru elfu moja na mkono mpole ulioshika bunduki ya rashasha. Hapo anamjibu George H. W. Bush, aliyeahidi nuru elfu moja na taifa lenye upole zaidi kwenye hotuba yake ya Agosti 1988, kisha akaapishwa kuwa rais Januari 1989. Jiulize: ubeti huu unauma zaidi ukisemwa, au ukipigiwa kelele? Mimi nasema ukipigiwa kelele. Hapa umeme unastahili kabisa, kwa sababu hasira hii ni ya hadharani.

Hatua ya mwisho, cheza kiitikio cha umeme peke yake, bila beti. Kinageuka wimbo wa ushindi, sivyo? Ndiyo maana nilisisitiza mashairi. Juni 2015 Donald Trump aliutumia wimbo huu alipotangaza kugombea urais, na Young akapinga hadharani. Mwaka 2020 akafungua kesi mahakamani, baadaye akaiondoa. Ukikisikia kiitikio kile bila yule mama na mtoto wake, utaelewa jinsi mtu anavyoweza kukipandisha jukwaani kama sifa. Kwenye gitaa kavu, huwezi kuwakwepa wale wawili.

Kwa hiyo kama una muda wa toleo moja tu, anza na kavu. Kisha niandikie hapa chini lile neno lako la hatua ya pili, pamoja na neno jipya baada ya kusikia la umeme. Ukimaliza, fanya zoezi hilihilo na Rust Never Sleeps: wimbo wa kwanza, halafu wa mwisho.